Biti Mia Tatu na Barua Moya

Agent alisema atapiga ku dix heures, saa ine ya asubuyi. Ku neuf heures et demie, nusu saa mbele ya ile, Mama Kapinga alikuwa amekwisha kuvaa kikwembe yake ya Pasaka na alikuwa anapanguza kioo ya mashini yake, ile ordinateur, na kitambaa. Miye nilikuwa natafuta namna ya kumutosha mu biro yake mwenyewe.

Nasema biro, lakini iko conteneur ya chuma pembeni ya barabara ya Kasapa, ya rangi ya bleu. Ku mulango kuliandikwa: SECRÉTARIAT KAPINGA, BARUA YA KILA NAMNA. Muntu anakuyaka na shida yake, anaikala, anaeleza. Jirani wa Kasungami amesukuma mupaka ya parcelle. Mwalimu banamutuma ku Lukafu na bibi yake iko na mimba. Mama Kapinga anasikiliza, anavaa lunettes, anaanza kupiga. Na barua yake inajibiwaka. Hiyo njo kintu yenye kila muntu wa ile barabara anajua. Barua yako weye inaweza kulala mu tiroir ya meza ya mukubwa miezi sita. Ya Mama Kapinga, banaijibu.

Njo maana nilienda kwake.

Nilikuwa na kitabu. Miaka mbili niliiandika, roman, hadithi murefu ya kuchekesha. Muzee Kalaba wa Kasungami anasikia bantu banasifu matanga ya jirani yake, anaona wivu, anaamua kufanya répétition, mazoezi, ya matanga yake mwenyewe angali muzima. Kwetu, ku matanga, bajukulu njo beko na ruhusa ya kumuchekelea mufu. Banavaa viatu yake, banaiga kikohozi yake, banakingia sanduku mu njia. Muzee Kalaba anataka kuhakikisha kama bajukulu yake banajua kazi. Habajue. Taabu yote inaanzia pale.

Lakini kitabu haitembee yenyewe. Inahitaji agent. Agent wa bitabu iko sawa commissionnaire wa nyumba: nyumba haiko yake, makuta haiko yake, lakini bila yee hauingie mu parcelle. Anachukua kitabu yako, anaizungusha kwa ba-éditeur, benye kuchapisha bitabu. Nilikuwa nimeandikia ba-agent sita. Kila barua nilitia bichekesho. Moya niliandika sawa vile mufu mwenye kulomba banifungulie sanduku. Ingine nilimuambia agent kama miye niko mujukulu yake na nimefika kudai viatu. Batano habakujibu. Wa sita alijibu mustari moya: barua yako inajikaza sana kuchekesha.

Alibakia wa saba, Madame Séphora, wa Bruxelles. Alizaliwa hapa, akaondoka na bazazi yake na miaka kenda. Kisha yee, liste yangu ilikuwa imeisha. Kama naye anakataa, muzee Kalaba atabakia mu USB yangu mupaka matanga ya kweli.

Kwa ile barua ya saba nililomba Mama Kapinga anisaidie. Lakini sikumuambia kama kitabu iko ya kuchekesha. Nilimuambia: ni ouvrage, kitabu ya elimu, juu ya mila ya matanga mu Haut-Katanga.

Nilimudanganya juu ya biti.

Zamani Mama Kapinga hakukuwa ku barabara. Alikuwa na meza yake ndani ya institut moya ya kule Kasapa, sitaitaja jina, chini ya baraza, karibu na valve, ile ubao yenye banabandikaka matangazo. Miye nilikuwa mwanafunzi pale, mwaka ya tatu. Siku moya nilimupelekea karatasi, nikamuambia bakubwa ya section njo balinituma. Akapiga bila kuuliza, na ile Français yake ya heshima: kwa kuwa biti ya chumba kubwa ya masomo iko mu safari ya kazi mupaka tarehe itakayotangazwa, kila mwanafunzi analombwa kufika lundi na kiti moya. Nikabandika. Lundi bakafika bantu mia tatu na biti ya plastiki ku kichwa. Ba-taxi zilisimama. Mama mumoja wa soko alishinda wima siku yote, biti yake yote ilikuwa imeazimwa. Miye nilicheka mupaka nikashikilia ukuta.

Balinifukuza mwaka moya, na sikurudia tena kumaliza. Ile haiko kintu. Lakini karatasi ilikuwa na namna ya kuandika ya Mama Kapinga, kila muntu aliitambua, na bakamuambia abebe meza yake. Hakulia, hakunitukana. Kisha mwezi moya aliniita kunywa chai, akaniambia kintu moya tu: kazi ya mukono yangu, usiichezee tena.

Sasa munaelewa vile nilikuwa ile asubuyi.

Juu ya ile barua ya saba, aliiandika siku mbili. Alianza sawa vile anaanzaka: "Niko na heshima ya kuya kwa unyenyekevu mukubwa mbele ya wema yenu ya juu." Alisema ouvrage yangu iko na maana kubwa kwa taifa na kwa elimu. Alisema muandishi iko kijana mutulivu. Chini alitia kopi kwa habari: Chef wa quartier, Padri wa paroisse, Baba wa mwenye kulomba. Na ma-annexe, karatasi za kufuatana na barua: foto passeport mbili, attestation ya kuzaliwa, certificat ya bonne vie et mœurs, ile karatasi ya commune yenye kuhakikisha kama hauko mwizi wala muchafuzi. Nilimuambia kwa sauti kidogo kama agent hakulomba certificat. Akaniangalia juu ya lunettes.

"Banalombaka wakati banaona haiko."

Niliituma vile vile kwa email, na nikatia kurasa makumi tatu ya kwanza ya kitabu, zenye Mama Kapinga hakuziona. Siku tatu, jibu ikafika: Madame Séphora anataka tuonane ku kioo, mardi, dix heures. Mama Kapinga alisoma ile jibu mara mbili, akatikisa kichwa pole pole sawa muntu mwenye alikuwa anajua. Kisha akasema tutapokelea kwake, juu connexion yake iko muzuri na courant ikienda iko na batterie.

Neuf heures et demie, basi. Nilimuambia kama mazungumuzo ya agent na muandishi inakuwaka ya siri. Akasema hata ya muganga inakuwaka ya siri, lakini infirmière, musaidizi yake, anabakia. Nilimuambia karatasi ya imprimante inaisha, kwa nini asiende kununua. Akafungula kabati: karatasi paketi tano. Nikatosha écouteurs ya masikio mu mufuko. Akazichukua mu mukono yangu, akaziweka mu tiroir, akachomeka ba-haut-parleur mbili ndogo za kutosha sauti inje.

"Jibu iko ya barua," alisema. "Na barua niliandika miye. Nitaisikia."

Akasogeza kiti yake pembeni, fasi yenye camera haimuone, akakunja mikono.

Ku dix heures na dakika mbili mashini ikalia.

Madame Séphora alikuwa muntu wa miaka makumi ine hivi, na nywele fupi, na nyuma yake bitabu mupaka ku plafond. Alianza na Français, kisha akahamia mu Kiswahili, ile ya mutoto wa miaka kenda, yenye haikukomaa tangu siku alipanda avion. Na neno yake ya kwanza ilikuwa kicheko.

Alisema alikuwa anafungula barua yangu mu train, na alicheka mupaka muntu mwenye kuikala mbele yake akahama. Alisema baba yake mu maisha yake yote aliandikaka vile vile, hata kwa muntu wa gaz ku Bruxelles, na hajaona bado muntu mwenye anaiga ile sauti muzuri hivi. Akainua karatasi, akaanza kusoma. Unyenyekevu mukubwa. Wema ya juu. Akafika ku kopi kwa Padri, akapanguza macho. Akafika ku certificat ya bonne vie, akashindwa kumaliza mustari.

Sikuangalia pembeni. Niliangalia mikono ya Mama Kapinga tu, kwa kona ya jicho. Ilikuwa imekunjwa, sasa ikafunguka. Mukono moya ikachukua agrafeuse, ile ya kubania karatasi, ku meza. Ikaishika tu.

Nikajaribu kupeleka mazungumuzo ku kitabu. Nikamuuliza kama alisoma kurasa makumi tatu.

Alizisoma zote, alisema. Muzee Kalaba iko muntu wa kweli, bajukulu yake beko bantu ya kweli. Lakini kila ukurasa namusukuma musomaji mu mbavu: cheka, cheka sasa. Mu barua haiko vile. Mwenye kusema mu barua hajue hata kidogo kama anachekesha. Anaamini kila neno. Ile njo anatafuta, na haionekane mara mingi.

"Kitabu yote uirudilie na ile sauti," alisema, "na miye naichukua. Contrat naituma leo leo."

Leo leo. Miaka mbili, ba-agent sita, na sasa leo leo. Nikafungula kinywa.

"Ngoja," alisema. Hakukuwa anacheka tena. Alisema mwaka yenye ilipita alichukua kijana mumoja, akamupigania kwa éditeur, kisha ikaonekana kurasa yenye ilipendeza haikukuwa yake. Yee aliikala mbele ya ule éditeur sawa muntu mwizi. Tangu ile siku anauliza kila muntu, macho kwa macho, mbele ya karatasi kusainiwa. "Nakuuliza basi. Hii barua uliandika weye?"

Mu conteneur kulikuwa joto, bati ilikuwa inalia juu ya jua. Mama Kapinga hakuniangalia hata. Alikuwa anaangalia ile ukuta fasi alitundika barua zenye zilijibiwa, kopi makumi na makumi, kila moya na cachet, muhuri ya mwenye kuipokea.

"Eeh" ilikuwa neno moya tu. Na haikukuwa hata uongo mukubwa: mawazo ya kitabu yangu, shida yangu, jina yangu chini ya barua. Angesema nini, Mama Kapinga? Asingesema kintu. Angeniita kunywa chai kisha mwezi moya. Na miye ningekuwa nimebandika karatasi yake ku valve mara ya pili, hii mara ku Bruxelles.

Nilitafuta kichekesho ya kupitia katikati. Bichekesho zinafikaka zenyewe, hata ku kilio. Haikufika hata moya.

"Hapana," nilisema. "Iliandikwa na Mama Kapinga. Iko hapa, anasikia. Na haikukuwa ya kuchekesha, madame. Aliiandika kweli."

Séphora alifunga kinywa. Uso yake ilibadilika sawa muntu mwenye alikanyaga mutoto mu giza.

Mama Kapinga akaweka agrafeuse. Akasimama, akakaza kikwembe, akaniambia nisogee. Akaikala mbele ya camera, mugongo yake haigusi kiti.

"Bonjour, madame. Miye njo secrétaire. Ulicheka zaidi ku fasi gani?"

"Mama, nalomba pardon."

"Sikulomba pardon, mwanangu. Nauliza fasi."

Séphora aliangalia karatasi. Kwa sauti kidogo akasema: ku certificat.

Mama Kapinga akamuelezea, bila hasira, sawa vile anaelezaka bateja. Weye unapokea karatasi ya muntu haumujue. Anatoka mbali. Hana diplôme. Mu biro yako kuna barua mia. Juu ya nini ufungule yake? Basi certificat inakuambia hakuibaka. Padri anakuambia kuna muntu mwenye atamusemelea akipotea. Baba yake anapata kopi juu ajue mutoto wake iko anajaribu. Na wema ya juu, hiyo haiko juu yako weye, iko juu ya ile tiroir yenye barua zinalala. Muntu mwenye iko na tiroir, ukimuinua, inamulazimu kushuka na kukujibu. "Na ulijibu," alisema. "Siku tatu."

Ku haut-parleur nilisikia tramway inapita kule kwao.

Kisha Mama Kapinga akanigeukia. Hii njo nilikuwa naogopa tangu asubuyi.

"Ouvrage juu ya mila."

"Mama..."

"Iko ya kuchekesha."

"Iko ya kuchekesha. Nilikuficha juu ya biti. Nilijua ungekataa."

"Ningekataa," alikubali. Akatosha lunettes, akazipanguza na kona ya kikwembe, muda murefu. Niliona camera inaonyesha bega yake tu, na Séphora amesogea karibu na kioo yake kusikia. "Niliandika kama weko kijana mutulivu. Nikatia sahihi ya biro yangu. Soma."

"Nisome nini?"

"Kitabu. Ukurasa moya. Nijue nilipelekea Padri kopi ya nini."

Nimesomea kitabu yangu mbele ya bantu mara mingi, ku nganda ya pombe, ku chumba ya ba-copain yangu, na sauti na mikono na kikohozi ya muzee. Ile siku mikono haikutaka. Nilisoma wima, sawa barua:

"Kalaba alilala juu ya meza, mikono ku kifua, akafunga macho, akalomba bantu baanze kulia. Mujukulu yake wa kwanza akauliza kama kutakuwa bukari ya kula. Kalaba akajibu, macho yamefungwa, kama mufu hajibu maswali ya jikoni. Wa pili akavaa viatu ya muzee, akaona iko ndogo, akazirudisha, akasema atangoja bengine bakufe."

Mama Kapinga hakucheka. Séphora pia hakucheka, juu alikuwa anangoja Mama Kapinga. Njia yote ya kitabu yangu ilikuwa imesimama pale, mbele ya mama mumoja mwenye nilikuwa nimemutosha kazi.

"Aliitaje bantu?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyu muzee. Kalaba. Bantu banakusanyika ku parcelle yake, banalia, na hakuna mufu. Chef wa quartier anasema nini? Polisi banapita, banauliza mufu iko wapi, anainuka ku meza? Bila karatasi, mwana?" Alikuwa amenikasirikia kabisa. "Muntu wa ile miaka angelomba ruhusa kwanza. Kwa maandishi."

Akavuta clavier. Akavaa lunettes. Akaanza kupiga na kusema, kwa sauti yenye aliandikiaka barua ya parcelle na ya Lukafu.

"Objet: kulomba ruhusa ya kulilia muntu muzima. Muheshimiwa Chef. Niko na heshima ya kuya kwa unyenyekevu mukubwa mbele ya wema yenu ya juu kubajulisha kama nitakufa. Tarehe haijatangazwa. Kwa ile sababu nalomba bantu baanze kunililia samedi yenye kuya, kutoka treize heures, mu utulivu. Kama nitakufa mbele ya ile samedi, nabalomba muone hii barua kuwa haina tena maana." Akasimama kidogo, akafikiri. "Annexe: certificat yenye kuhakikisha kama mwenye kulomba iko muzima. Kopi kwa habari: Bajukulu."

Ku kioo, Séphora alikuwa ameweka mukono ku kinywa na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Mabega yake yanatikisika. Alikuwa anajizuia na nguvu yote, sawa mutoto mu kanisa.

Mama Kapinga akageukia camera.

"Hii unaweza kucheka," alisema. "Hii niliifanya juu ya kuchekesha."

Mbele ya connexion kukatika, Séphora alisema contrat ya leo leo haiko tena, na niliikubali. Alisema turudilie kurasa makumi tatu, miezi mitatu, na juu ya karatasi kuwe majina mbili, yangu na ya Mama Kapinga. Atasoma. Hakuahidi. Akauliza Mama Kapinga, kwa heshima, kama anaweza kuchunga ile barua ya kwanza. Mama Kapinga akamujibu kama barua ikikwisha kupokelewa inakuwa ya mwenye kuipokea, hailombi ruhusa.

Kisha kioo ikawa nyeusi, tukabakia shiye babili na joto.

Alisema kama tutaanza, tutaanza jeudi, miye naeleza, yee anapiga. Lakini mbele ya ile kuko barua ingine, na hiyo atanisomea tu, mukono itakuwa yangu. Akanipatia karatasi na bic. Nikauliza barua ya kwa nani. Alikuwa amekwisha kuanza.

"Objet: biti mia tatu."

Niliandika ile barua yote. Niko na heshima. Unyenyekevu mukubwa. Miye njo nilitunga tangazo, secrétaire aliipiga bila kujua, alipoteza fasi yake kwa kosa yangu. Kopi kwa Padri, kopi kwa baba yangu, na pale bic ilichelewa, juu baba yangu mupaka leo anajua kama niliacha masomo kwa malaria.

Kesho yake nikaipeleka ku institut. Valve ilikuwa pale pale. Chini ya baraza, fasi ya meza ya Mama Kapinga, banatia sasa pipa ya takataka. Ku réception mama mumoja akafungula enveloppe, akaona jina yangu, akaniangalia, akarudilia kusoma mustari ya biti. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Hii haiko plaisanterie ingine ya kuchekesha bantu?"

"Hapana, mama."

"Weye, Nono? Nikupigie cachet, kisha kesho nione bantu banafika na meza?"

Nikatosha certificat ya bonne vie mu mufuko, nikaiweka mbele yake. Aliisoma kutoka juu mupaka chini, sahihi ya commune, tarehe, yote. Kisha akavuta cachet.